"Fundi, simu iache, mimi nataka picha zangu"

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi redio hapa Tandika, jirani na soko. Nilianza mwaka 1999 kwa kubadilisha mikanda ya deki na kulehemu spika, na leo zaidi ya nusu ya kazi zinazoniingia ni simu na laptopu. Naandika kwa sababu ya maneno ninayoyasikia mezani kwangu karibu kila wiki, na hayajawahi kuacha kuniuma: "Fundi, simu iache, mimi nataka picha zangu tu."

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja anayeuza maandazi mtaa wa pili kutoka kwangu. Simu yake ilitumbukia kwenye beseni la kufulia, na hakujua mpaka alipoanza kusuuza. Aliianika juani, akaifukia kwenye mchele siku mbili kama watu wanavyoambiana, halafu akaichomeka kwenye chaji. Hapo ndipo ilipokufa kabisa. Nilipoifungua, kutu ya kijani ilikuwa imeshatambaa sehemu yote ya umeme. Akaniambia, "Kaka fundi, humo mna picha za mwanangu tangu anazaliwa mpaka amemaliza darasa la saba. Sikusafisha hata moja."

Watu wengi wanaamini kwamba fundi akichomoa memori ya simu na kuipachika kwenye nyingine, kila kitu kinarudi. Siku hizi haiwi hivyo. Chipu ya kuhifadhia imelehemiwa kwenye ubao, na yaliyomo yamefungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya prosesa ya simu hiyohiyo. Simu zote zinazotoka kiwandani na Android 10 kuja juu zinafungwa namna hiyo, na iPhone zilianza zamani. Kufungwa huko ni kuzuri, ndiko kunakomnyima mwizi picha zako. Lakini ubao ukifa na prosesa yake, hata mimi fundi nabaki nje ya mlango. Nilimweleza hivyo yule mama. Hakubishana. Alinisikiliza hadi mwisho, akaifunga simu yake kwenye leso, akaondoka nayo, na mikono yake bado ilikuwa na unga.

Mtu ataniuliza, kwa nini asingeziweka mtandaoni? Angeweza, wala simkatazi mtu. Lakini nafasi ya bure ina mwisho. Ipo kampuni kubwa iliyowazoesha watu kupandisha picha bure bila kikomo, kisha tarehe 1 Juni 2021 utaratibu huo ukafungwa, na tangu siku hiyo picha mpya zikaanza kuhesabiwa ndani ya GB 15. Ukizimaliza, unalipa kila mwezi, miaka yote ya maisha yako. Muuza maandazi hana mshahara wa mwezi, ana hela ya siku. Na hata akiwa nayo, kupandisha GB 40 za video kwa bando la wiki ni hesabu isiyokaa sawa.

Mimi nyumbani kwangu nilichukua njia nyingine. Nina seva ya nyumbani. Neno ni kubwa kuliko kitu chenyewe: ni laptopu kuukuu iliyo juu ya kabati, haizimwi, na kazi yake ni kutunza na kugawa vitu vyetu kwa simu na runinga zote za humo ndani. Niliinunua Kariakoo Januari 2024 kwa shilingi 320,000, Lenovo ThinkPad yenye RAM ya GB 8, kioo chake kina ufa pembeni, ndiyo maana nikapunguziwa. Kioo sikukihitaji.

Kwa nini laptopu? Mnakumbuka Januari ile tulikuwa kwenye mgawo wa umeme. Kompyuta ya mezani umeme ukikatika nayo imezima papo hapo, na ikizimwa hivyo katikati ya kuandika, mafaili yanaharibika. Laptopu ina betri yake ndani. Nimeipima kwa mita yangu ya kazi: ikiwa haina shughuli inakula kati ya wati 11 na 13. Kwa mwezi ni karibu uniti 9. Kwangu mimi shilingi 10,000 ya Luku inatoa uniti 28, kwa hiyo seva inanigharimu kama shilingi 3,200 kwa mwezi, usiku na mchana. Kuna jambo moja la kuangalia. Betri inayokaa kwenye chaji saa zote kwa joto la Dar huvimba, na nimeshazitoa nyingi zilizoinua kibodi kama mkate uliopanda. ThinkPad inaruhusu kuiamuru chaji iishie asilimia 80. Fanyeni hivyo siku ya kwanza, na mashine iwekwe mahali penye hewa, si ndani ya droo.

Ndani yake niliweka Debian, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta ulioanza mwaka 1993. Mpwa wangu anayesoma chuo cha teknolojia cha DIT alinisaidia jioni mbili, na kila nilipotaka kuruka hatua alinirudisha: "Mjomba, soma kwanza kilichoandikwa." Juu ya Debian tukaweka Docker, ambayo naifananisha na rafu za dukani kwangu: kila programu ina kisanduku chake, ukitaka kuibadilisha unatoa kisanduku kimoja bila kuvuruga vingine. Kisha tukaweka programu moja tu. Nasisitiza, moja. Vijana wengi ninaowaona wanaanza na programu 15 kwa usiku mmoja, wiki ya pili hawajui ipi inafanya nini, wiki ya tatu wameifuta mashine. Mimi nilianza na Jellyfin, programu huru iliyozaliwa mwishoni mwa 2018 pale waliokuwa wakiitegemea Emby, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, walipoona msimbo wake unafungwa, wakachukua uliokuwa wazi na kuendelea nao. Unaielekeza kwenye folda la muziki na video, nayo inalipanga, na simu yoyote ya nyumbani inafungua kwa kuandika anwani ya mashine na namba ya mlango wa programu hiyo, 8096.

Niliichagua Jellyfin kwa sababu ya kaseti za marehemu baba.

Baba alikuwa kuli bandarini. Bibi yetu aliishi Pangani na hakujua kusoma, basi baba hakumwandikia barua, alimrekodia. Alikaa kitandani usiku na redio kaseti miguuni, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akaongea upande wa kwanza. Kaseti ikasafiri na dereva wa basi la Tanga. Bibi akajibu upande wa pili kwa redio ya jirani, na kaseti ikarudi. Baada ya msiba tulizikuta 19 ndani ya bati la biskuti. Kaseti ya dakika 60 haina njia ya mkato, unaikopi kwa dakika 60 hizohizo. Nilisafisha kichwa cha deki kwa spiriti kila baada ya upande mmoja, nikabadilisha mpira uliokuwa umelegea unaofanya sauti iyumbe, nikaunganisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye laptopu, na nikanasa kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti. Kaseti moja kwa ubora wa CD inachukua kama MB 600. Ukiihifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti, inapungua sana bila sauti kupotea hata chembe.

Baba alikuwa na tabia ya kutaja tarehe kabla ya yote, kwa hiyo zote tumezipanga. Katika moja ya mwaka 1984 anasafisha koo, anasema, "Shikamoo mama, sisi huku hatujambo." Jogoo anawika. Mama yangu kwa mbali anasema, "Mwambie mchele umefika." Halafu kuna mtoto anasukumwa asalimie, hataki, analia, na baba anacheka mpaka kaseti inazimwa. Mtoto yule ni mimi, nina miaka minne. Mhariri, nilisikiliza kipande kile peke yangu dukani, mlango nimeshafunga, na nilikirudia mara sita.

Leo mama yangu, ambaye macho yake hayaoni vizuri, anagusa mahali pamoja kwenye simu ya mjukuu wake na mumewe anaanza kuongea. Hailipiwi bando. Na hapa lipo jambo ambalo wengi hawajaelezwa sawasawa. Tumezoea kuamini kwamba waifai ndiyo intaneti. Sivyo. Waifai ni njia ya ndani ya nyumba, kati ya ruta na vifaa vyako. Intaneti ni barabara ya kutoka nje. Bando likiisha, barabara ya nje imefungwa, lakini korido ya ndani iko palepale, na seva yako iko mwisho wa korido. Jirani yangu alitukuta tunaangalia video ya harusi ya dada yangu kwenye runinga akauliza, "Si ulisema bando limeisha tangu jana?" Ilibidi nichomoe waya wa nje mbele yake ndipo aamini.

Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi nzima ikakwama. Kwangu mwanangu wa kidato cha pili alikuwa na kazi ya shule. Wiki chache kabla tulikuwa tumeongeza Kiwix, programu inayohifadhi Wikipedia nzima kwenye diski ili isomwe bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili ni ndogo, inaingia hata kwenye flashi. Ya Kiingereza yenye picha inahitaji karibu GB 100. Alifanya kazi yake, na watoto wawili wa jirani wakaja na madaftari yao wakakaa sakafuni.

Sasa niseme lililo zito, maana sitaki msomaji aumie kwa kunifuata nusu. Kuwa na seva si kuwa na nakala. Picha zikiwa sehemu moja, hata kama sehemu hiyo ni yako, bado ziko kwenye beseni la kufulia. Mafundi wa kazi hii wana kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Mimi ya nje iko Kigamboni kwa dada yangu, imefungwa kwenye kanga ndani ya sanduku lake la vyeti. Kila baada ya miezi miwili tunabadilishana diski, moja inakwenda, moja inarudi. Zote mbili nimezifunga kwa neno la siri, maana kitu kinachosafiri kinaweza kuibwa.

Mwaka jana mwezi wa tatu umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika kumi. Laptopu haikutikisika. Lakini diski yangu kubwa ya nje ilikuwa na adapta yake yenyewe ukutani, na nilikuwa nimeichomeka bila kinga yoyote. Kosa langu, na mimi ni fundi. Umeme uliporudi mara ya tatu, diski ikaanza kulia: tik, tik, tik. Anayeujua mlio ule anajua maana yake: diski inakufa. Kesho yake asubuhi nilipanda pantoni kwenda Kigamboni, nauli ile ile ya shilingi 200, na nilirudi nimeikumbatia diski ya pili mapajani kama mtu aliyebeba mtoto. Tulipoteza wiki tano za picha. Kaseti zote 19 zilikuwepo. Tangu hapo natumia diski ndogo tu, zile zinazokula umeme kupitia waya wa USB wa laptopu, kwa sababu betri ya laptopu inazilinda nazo. Ruta nayo nimeipatia kibetri chake cha volti 12.

Kuhusu flashi, nisisitize kwa sababu nawaona watu wanalizwa. Flashi ya TB 2 kwa shilingi 20,000 haipo. Ndani mna chipu ndogo iliyodanganywa ionyeshe ukubwa ambao haina. Utajaza picha, majina ya mafaili utayaona, ukifungua ni tupu. Ipo programu ya bure inaitwa F3, inaijaza flashi yote na kuisoma tena kabla hujaiamini. Pimeni kabla ya kuweka.

Picha za simu zetu zinaingia kwenye Immich, programu ya kutunza picha, ambayo inazipandisha zenyewe simu ikifika nyumbani na kushika waifai. Hii niliiongeza baada ya miezi minne, nilipokuwa nimeshaweza kulala bila kuiwazia mashine. Wengine wanapenda Nextcloud, iliyoanza 2016, inayobeba pia kalenda na nyaraka. Ni nzuri, ila kwa nyumba yenye haja ya picha tu naiona nzito.

Watu huniuliza, nikiwa kazini nitazionaje? Hapa nawaomba vijana wawe waangalifu. Mtandao wa simu na ruta zake kwa kawaida unawachanganya wateja wengi chini ya anwani moja, kwa hiyo kutoka nje huwezi kugonga mlango wa nyumba yako. Na hata unapoweza, usifungue mlango wa ruta ukauacha wazi kwa dunia nzima. Kuna mashine zinazozunguka mtandaoni usiku kucha zikijaribu vitasa. Tumieni njia iliyofungwa. WireGuard, programu ya kutengeneza njia hiyo, imo ndani ya Linux, kiini cha mifumo kama Debian, tangu 2020, na Tailscale imejengwa juu yake, ni bure kwa matumizi ya nyumbani na inapita hata pale anwani inapochangiwa. Mimi nilikaa miezi sita ya kwanza bila kutoka nje kabisa, na sikupungukiwa na kitu.

Majirani walipoona, watatu walitaka niwatunzie picha zao kwa malipo. Nilikataa. Picha za mtu ni dhamana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ina masharti kwa anayekusanya na kutunza taarifa za wengine. Niliwaambia njooni niwafundishe, kila nyumba iwe na yake. Vilevile nawakataza kujaza filamu za kunakili zinazouzwa vibandani. Tuna waigizaji na wanamuziki hapa Temeke wanaishi kwa kazi hiyo, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Vitu vyetu wenyewe vinatosha kujaza diski: harusi, kipaimara, maulidi, mahafali, sauti za wazee.

Yule mama wa maandazi tulimrudishia picha 11. Nilimshauri apige simu kwa kila ndugu aliyewahi kumtumia picha kwa WhatsApp. Zimepungua ubora, kwa sababu WhatsApp hubana picha, lakini mojawapo ni ya mtoto akiwa na siku tatu, amefungwa kanga ya njano. Tumeziweka kwenye flashi mbili nilizozipima, moja yake, moja kwa shangazi yake Mbagala. Hana laptopu na simsukumi anunue. Kila Jumamosi jioni anakuja na simu yake mpya, tunazikopi picha za wiki, dakika kumi hazifiki. Mtu asiye na hata shilingi ya ziada aanzie hapo, seva itakuja baadaye.

Ombi langu kwako, Mhariri. Ukurasa wenu wa teknolojia naufuata kila wiki, na mara nyingi unatuambia simu gani mpya imetoka na kamera yake ina nini. Sijawahi kuona humo maelezo ya picha hizo zikishapigwa zitunzwe vipi. Maelekezo ya seva ya nyumbani yamejaa kwa Kiingereza, yameandikwa kwa watu wenye umeme usiokatika na intaneti isiyopimwa. Mama yangu hawezi kuyatumia, na wateja wangu wengi pia. Tupeni safu ndogo kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kwa nyumba zenye Luku na bando. Ya kwanza iwe ya kutoa picha kwenye simu na kuzipima zimefika salama. Nimeshaiandika kwenye daftari, kurasa nne za mkono. Nitaileta mapokezi kwenu Jumatatu, mkaisahihishe mnavyoona.

Wenu,
Fundi redio,
Tandika, Dar es Salaam